Mkono wa Mkunga

Maabarani walimwita Bi Chokaa. Jina hilo alipewa na mhudumu wa usafi, ambaye siku moja aliegemea fagio lake akamuuliza ni nini hasa anachokitafuta kwenye damu za watu miaka yote hiyo. Akamweleza kwamba anatafuta kalsiamu, madini yaleyale yaliyomo kwenye chokaa. Na vitamini D, inayoyasaidia kuingia mwilini. Na homoni zinazoamua yatoke kiasi gani mifupani, yabaki kiasi gani kwenye damu, na mengine yaende na mkojo. Mhudumu alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo binadamu ni ukuta," akasema, kisha akaendelea kufagia. Tangu hapo likawa Bi Chokaa, na mwenyewe akalizoea hata akawa analiitikia kwenye simu.

Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya hospitali ya chuo, mahali pasipofika jua. Wenzake hawakuchoka kumtania: mtu aliyeandika makala mbili kuhusu vitamini inayotengenezwa na ngozi ikipigwa na jua, mwenyewe anashinda pangoni. Majokofu ya kuhifadhia damu yalinguruma ukutani mchana kutwa. Makala zake zilitoka kwenye majarida ambayo wasomaji wake wote wangeenea sebule moja na viti vikabaki. Alipompelekea mama yake nakala ya kwanza, mama alivaa miwani, akaipekua ukurasa kwa ukurasa, akauliza, "Umesoma miaka yote hiyo ili uje uwaambie watu watoke nje waote jua?"

"Ni zaidi kidogo ya hapo, mama."

"Basi hongera, mwanangu. Hata hicho kidogo ni chako."

Mama huyo alikuwa mkunga, na nusu ya watu wa mitaa ile walikuwa wamepita mikononi mwake. Wanaume wazima wenye ndevu walimwamkia kwa haya, kama mtu aliyewaona wakiwa hawana nguo, na ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na mkono mwembamba wenye vidole virefu, na wakunga wenzake walisema mkono ule unajua njia. Uzazi ulipokwama, ndiye aliyeitwa. Alikusanya vidole pamoja vikanyooka, akakilaza kidole gumba ndani ya kiganja, akapinda kifundo cha mkono kidogo, kisha akaingia taratibu huku akizungumza na mzazi mambo ya kawaida kabisa, bei ya mkaa, mvua ilivyochelewa. Bi Chokaa alipokuwa mdogo aliliona umbo lile la mkono likifundishwa wanafunzi kwenye beseni la povu la sabuni, uani kwao. Alilijua kama watoto wengine wanavyojua sura ya jembe au ya sindano ya baba yao fundi.

Mama alistaafu salama. Kisha uvimbe ukaanza kumwota shingoni, kwanza kama limau, halafu kama chungwa. Ulimtia aibu kuliko ulivyomuuma. Alikuwa akiishi kwa mwanawe wa mwisho, fundi umeme, na huko akajifungia: mtandio shingoni hata wakati wa joto, pazia limeshushwa, barazani hatoki mpaka wapita njia waishe, na hawaishi. Ilipofika hali ya kumeza chai kwa shida ndipo alipokubali kupasuliwa. Mpasuaji alikuwa fundi kweli. Kovu lilibaki jembamba kama uzi, na siku za mwanzo mgonjwa alikula, alilala, na aliwasema wauguzi kwa jinsi wanavyotandika vitanda. Akarudi nyumbani.

Siku chache baadaye, mchana, kaka mdogo alipiga simu maabarani.

"Dada, hebu njoo."

"Kidonda kimefunguka?"

"Kidonda kizima. Mkono wa mama unafanya kazi peke yake."

Alikuta sebule ina giza, ingawa nje jua lilikuwa limewaka. Mama alikuwa kwenye kochi, mkono wa kushoto umeufunika wa kulia mapajani, kama mtu aliyekamata ndege na anaogopa kumwachia. Kaka alisimama mlangoni na bisibisi mfukoni. Mke wake, ambaye tumbo lake la kwanza lilikuwa limekwisha kuwa kubwa, hakuonekana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa pale mbele, usikae karibu."

Akakaa pale mbele. Walizungumza habari za kidonda, za usingizi, za homa ya jirani. Kisha wifi yake akatoka chumbani amebeba beseni la nguo, akavuka sebule bila kumtazama mtu, akiharakisha. Mama akashtuka na kuanza kuhema. Mkono wa kushoto ukateleza. Ule wa kulia ukainuka wenyewe kutoka mapajani, vidole vimenyooka na kukusanyika, kidole gumba kimelala ndani ya kiganja, kifundo kimepinda. Ukabaki hewani, umeelekea kule alikopita mjamzito.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa ule ni mkono gani. Beseni lilisikika likianguka uani.

"Umeona," mama alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimestaafu, huu haujastaafu."

Bi Chokaa alijua kitu alichokuwa anakitazama. Kwenye vitabu vya zamani madaktari waliliita umbo lile mkono wa mkunga, na mwenyewe aliwahi kuyachapa maneno hayo kwenye makala yake ya pili, katika orodha ya dalili za kalsiamu iliyoshuka, baina ya ganzi na degedege. Lakini kulisoma jina ni jambo moja, na kuliona limekuja kukaa kwenye mkono wa mwenye jina ni jambo jingine. Alijikaza akauliza alichotakiwa kuuliza.

"Mama, unasikia ganzi popote? Kama sindano sindano?"

"Midomoni," akasema. "Si sindano. Ni vidole. Vidole vidogo sana vinanipapasa midomo, hivi, kama mtoto mchanga akitafuta."

"Ni ganzi, mama."

"Nimeshika watoto wachanga kabla hujazaliwa wewe. Navijua vidole vyao." Kisha, kama anayetaja jirani aliyehama zamani, akaongeza, "Ni yule ambaye hakulia."

Watoto wengine aliowazalisha walilia wote, au walilia wakachelewa, au waliondoka baadaye wakiwa wameshapewa jina. Mmoja tu alitoka mzima wa viungo, wa moto, mzuri, asitoe sauti hata moja. Hakukuwa na kosa la mtu. Mama alikuwa amelisimulia jambo hilo mara moja tu katika maisha yake, siku binti yake alipohitimu, na hakulirudia tena mpaka siku hiyo.

Kaka alimvuta dada yake uani. Mkewe alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Wifi, mimi naenda kwetu," alisema. "Simtukani mama. Mama ni mama yangu. Lakini ule mkono unamtaka mwanangu."

"Ule mkono hautaki kitu. Sikilizeni." Akawaeleza kwamba nyuma ya tezi ya shingo vipo vitezi vingine vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, vinavyotoa homoni ya kuilinda kalsiamu isishuke kwenye damu. Tezi kubwa ikitolewa, vile vidogo huweza kuumia hata mikononi mwa fundi bora. "Kalsiamu ikipungua, mishipa ya fahamu inakuwa kama..." akamtazama kaka yake, "kama waya uliochunika. Unatoa cheche bila mtu kuugusa."

Hilo kaka alilielewa. "Sasa mbona unatoa cheche akipita huyu tu?"

"Kwa sababu mkeo anaogopa, na mama akimwona anaogopa, naye anaogopa. Anahema haraka. Ukihema haraka, kalsiamu inayofanya kazi kwenye damu inapungua zaidi. Mkono unakunjika. Mkono ukikunjika, mkeo anaogopa zaidi."

Maelezo yalikuwa sahihi, na wote watatu walikaa nayo pale kwenye ngazi bila kupata nafuu yoyote.

Mama alikataa kurudi hospitali. Shingo yake wameshaichungulia vya kutosha, alisema, na sindano haitaki. Bi Chokaa alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mwisho akaomba amguse tu usoni, aone mishipa inavyoitika. Akapiga kwa ncha ya kidole mbele ya sikio la mama, taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Pembe ya mdomo ikaruka juu. Upande mmoja wa uso ulicheka. Mama mwenyewe hakucheka. Macho yake yalikuwa yamemtulia binti yake, mazito, yakimwangalia akimchekesha mtu mwingine.

Hakurudia. Kesho yake alikuja na mashine ya kupimia presha, na hiyo mama aliikubali, kwani alikuwa ameifunga kwenye mikono ya wanawake maisha yake yote. Wifi alikuwa amekwisha kufunga begi, ila mumewe alimwomba asubiri aone. Akasimama mlangoni. Bi Chokaa alifunga kitambaa kwenye mkono wa kulia, akapuliza mpaka kikakaza sawasawa, akakiacha kimekaza hivyohivyo.

Wakasubiri. Pazia lilikuwa limefungwa, na nyuma yake walisikika watu wakipita barabarani na mazungumzo yao ya kawaida. Kisha vidole vikaanza kusogeleana. Vilinyooka, vikakusanyika, kidole gumba kikaingia ndani polepole, kifundo kikapinda.

"Mmeona," Bi Chokaa alisema, na sauti yake haikutulia kama alivyopanga. "Wifi, tazama. Hapa hakuna mtoto anayeitwa. Ni mimi niliyeufanya ukunjike, kwa upepo na kitambaa. Nikifungua, utaachia."

Mama aliutazama mkono wake, halafu akamtazama bintiye kwa mshangao wa upole.

"Kwa hiyo na wewe unaweza kumwita," alisema.

Wifi akapiga ukelele. Bi Chokaa alikifungua kitambaa haraka, lakini mama alikuwa ameshaanza kuhema, na safari hii haikuishia mkononi. Mkono wa pili ukakunjika. Miguu ikajinyoosha ndani ya ndala. Halafu koo likabana, na hewa iliyokuwa ikipita kwa shida pale penye kovu ikatoa sauti nyembamba, ya juu, iliyokatika na kuanza tena.

Kila aliyewahi kukaa nje ya chumba cha uzazi anaijua sauti ile. Ilikuwa ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Ilitoka kinywani mwa mwanamke mzee mwenye mvi, na alipokuwa akiitoa macho yake yalijaa kitu ambacho Bi Chokaa, kila alipokumbuka baadaye, hakuweza kukiita hofu.

Walimbeba hadi kwenye gari la kazi la kaka, wakamlaza kati ya nyaya na ngazi. Bi Chokaa alimshika kichwa njia nzima akimwambia, "Pumua polepole mama, polepole," huku yeye mwenyewe akihema kama mbwa. Hospitalini walimtundikia dripu ya kalsiamu, ikaingizwa taratibu kwenye mshipa, muuguzi akiuchunga moyo kwenye mashine. Sauti ilikoma kwanza. Kisha mikono ikaanza kufunguka, kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu anayebanduliwa vidole kutoka kwenye kitu asichotaka kukiachia.

Mama alifumba macho. "Amekwenda," alisema.

Damu yake ilipimwa chini, kwenye chumba kisichofikwa na jua, na binti yake aliyasoma majibu akiwa amesimama. Kalsiamu ilikuwa imeshuka vibaya. Homoni ya vile vitezi vinne ilikuwa karibu haipo. Na vitamini D ilikuwa chini hata kabla ya yote hayo, bila shaka, kwa miaka ile ya pazia na mtandio. Alikuwa amewapima wageni mamia kwa mamia. Aliweka karatasi mezani, akaosha mikono, akaenda juu kukaa na mgonjwa.

Hapo ndipo makala yake ya tatu ilipoanzia, ile ambayo madaktari wa nje walimwandikia kuiulizia. Aliwafuatilia watu waliopasuliwa tezi ya shingo, mmoja mmoja, akiwapima vitamini D kabla na homoni na kalsiamu baada. Aliona kwamba walioingia chumba cha upasuaji wakiwa na vitamini D ya chini ndio walioteseka zaidi kalsiamu iliposhuka. Leo katika hospitali ile hakuna anayepasuliwa shingo bila kupimwa kwanza, na asubuhi yake damu hupimwa tena. Wapo watu wanaotembea mjini na mikono yao imetulia kwa sababu hiyo, wala hawamjui.

Kuna jambo moja ambalo makala haikulibeba. Kila mgonjwa aliulizwa anasikia nini midomoni, na wengi walijibu ganzi, au sisimizi. Lakini dereva mmoja wa lori, mtu wa mzaha, aliacha mzaha akasema ni vidole vya marehemu mkewe, alivyokuwa akimfuta mdomo baada ya kula. Mwalimu wa hesabu alisema kuna mtu anajaribu kumfunga mdomo asiseme, na anamjua ni nani, ila hatamtaja. Msichana muuza duka alisema ni ndugu yake pacha. Hawakuwa wakijuana. Walilala wodi tofauti, miezi tofauti. Kwenye makala wote hao aliwaandika chini ya kichwa kimoja: ganzi kuzunguka midomo.

Alasiri moja, akiwa peke yake na majokofu yananguruma, kitu kilimpapasa yeye mwenyewe mdomo wa chini. Kilipita kwa wepesi kutoka pembe moja hadi nyingine. Alihesabu pumzi zake. Alikuwa hahemi haraka. Akajifunga mpira mkononi, akajitoa damu, akaipima kalsiamu, homoni, vitamini, kila kitu, kisha akarudia. Majibu yalikuwa mazuri mno, ya mtu mzima wa afya. Hilo ndilo lililomtisha. Alizima taa akatoka nje kwenye jua, akasimama karibu na maegesho ya magari mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza ufunguo.

Wifi alijifungua salama, mtoto wa kike, akalia mpaka wodi nzima ikalalamika. Mama hakuwepo chumbani. Alikuwa amesema mwenyewe kwamba atasubiri nje. Alipopewa mjukuu alimpokea kwa mikono iliyofunguka vizuri, na wifi hakuondoa macho kwenye vidole vile hata mara moja. Walipendana tangu zamani na waliendelea kupendana, lakini mtoto hakuachwa na bibi peke yake. Mwishowe mama akahamia kwa binti yake, vyumba viwili karibu na hospitali, vyenye dirisha kubwa lisilo na pazia zito. Kila siku alikunywa vidonge vya kalsiamu na vile vidogo vya vitamini D, kwa maziwa, na kila asubuhi alikaa juani bila mtandio, akiwaamkia wapita njia kwa majina ya mama zao.

Ilikuwa siku ya mapumziko Bi Chokaa alipotoa matakia ya kochi ayapige vumbi. Ndani ya upenyo wa kochi, mahali mama alipozoea kukaa, alikuta unga mweupe na vipande vya vidonge, vingine vizima. Si vya siku moja.

Alivikusanya kiganjani, akavipeleka dirishani alikokaa mama.

"Mama, hivi ni nini?"

Mama hakujitetea. "Si kila siku," alisema. "Siku nyingine tu."

"Unajua kilichotokea mara ile. Koo lilifunga. Ungekufa kwenye gari."

"Najua. Siachi mpaka kufika huko. Naacha kidogo tu, mpaka midomo ianze." Alikuwa akitazama barabarani. "Hana mtu mwingine, mwanangu. Hata jina hakupewa. Siku nyingine namwacha aje kidogo, halafu nakunywa dawa, anakwenda."

Bi Chokaa alikuwa na maneno ya kusema, yote ya kweli. Alikuwa ameyasema mbele ya kumbi zilizojaa wasomi, na michoro ukutani.

"Leo umekunywa?" akauliza.

"Jana wala leo sijanywa."

Akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maziwa na vidonge kwenye kisahani, akaviweka kwenye kizingiti cha dirisha, mama anapofikia. Kisha akavuta kiti akakaa kando yake, jua likiwapiga wote wawili magotini. Hakumhimiza. Baada ya muda vidole vya mama vikaanza kusogeleana kwenye paja, na Bi Chokaa akavifunika kwa mkono wake. Vilikuwa vigumu kama mti, na vya baridi kwa mkono uliokuwa juani.

"Yupo?" aliuliza.

"Yupo."

Walikaa hivyo. Muuza magazeti alipita chini akawaamkia, wakamwitikia. Halafu mama akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua vidonge, akavimeza kimoja kimoja na maziwa, na Bi Chokaa akaendelea kuushika ule wa kulia mpaka ulipoachia.